Siku Tuliyomheshimu Shangazi Limi

Harufu ya samli iliyokaa muda mrefu, ile inayoanza kuchachuka, ndiyo inayonirudisha Kasoli hata nikiwa nimesimama katikati ya mji wa Bariadi kwenye foleni ya kununua mkate. Shangazi yangu Limi alikuwa akiipaka kwenye mikanda ya ngozi iliyoshikilia njuga zake, ngozi isikauke ikakatika, na kwa kuwa njuga zenyewe zilitundikwa ukutani juu ya kitanda tulicholalia mimi na yeye, nilikua nikidhani kila nyumba duniani inanuka hivyo: samli, chuma, na vumbi la pamba lililopenya dirishani. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Aliwahi kuolewa Malampaka na mwanamume aliyefanya kazi stesheni ya treni, akakaa huko miaka saba bila kupata mtoto, kisha akarudi nyumbani na sanduku moja la bati na hizo njuga. Watu wa kata nzima walimwita Mayu Limi, yaani Mama Limi, ingawa hakuwa mama wa mtu yeyote. Hilo nalo lilinichanganya, kama mengine mengi ya mwaka ule.

Nataka kusimulia msimu mmoja tu, ule nilipokuwa darasa la nne. Pamba ilikuwa imeshavunwa na kuuzwa, mashambani yamebaki mabua makavu, na ng'ombe wameachiwa wazurure humo wakitafuna majani yaliyosalia. Kwetu huo ndio wakati wa mbina, wakati wa ngoma. Mikono imepumzika na miguu inapata zamu yake. Kila alasiri kikundi chetu cha bugobogobo, ngoma ya majembe, kilikusanyika uwanjani nyuma ya ghala la pamba. Shangazi alikuwa ningi wao, yaani kiongozi anayetunga nyimbo na kuzianzisha, na alikuwamo tangu kabla baba hajaoa. Wachezaji walisimama mistari miwili, kila mmoja na jembe lake, wakainama wakilima hewa kwa mdundo wa ngoma kubwa. Neno fulani la wimbo likifika, wote waliyarusha majembe juu, yakazunguka yakimetameta, yakarudi mikononi. Shangazi alirusha juu kuliko wote, na kabla ya kulidaka la kwake alipiga makofi mawili. Mwaka huo alianza kunifundisha na mimi, kwa kijembe kidogo alichonitengenezea fundi wa kijiji. Kila nilipokiangusha alisema maneno yaleyale: "Usikitazame, Kabula. Kisikilize kinavyokata upepo."

Nilidhani hiyo ndiyo siri ya mabingwa. Sikujua kwamba tayari hakuwa na njia nyingine. Dalili zilikuwepo, ila mtoto huona mambo na kuyapa maana yake mwenyewe. Asubuhi moja tulikuwa tukielekea kisimani, akasimama kwenye uzio wa jirani, akapiga magoti kidogo kwa adabu, akasalimia, "Mwangaluka." Kwenye uzio hapakuwa na mtu. Palikuwa na gunia lililoanikwa likauke. Nilicheka mpaka ndoo ikanidondoka, maana nilidhani ananifanyia mzaha, na yeye akacheka pia, akacheka muda mrefu kuliko mimi. Siku nyingine alitia chumvi kwenye chai ya wageni wa kwaya. Alinipa sindano nimtungie uzi, akasema vidole vyake vimekufa ganzi kwa kuchuma pamba. Nilitunga. Nilijiona mtu mkubwa kwa kupewa kazi na Mayu Limi.

Kisha akanichukua twende naye zahanati. Mama alidhani tunakwenda kutafuta dawa ya kifua. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mgeni wa eneo letu, hajui Kisukuma, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili, lugha ambayo mimi niliijua ya darasani tu, ya kuhesabu na ya kuimba wimbo wa asubuhi. Alimulika tochi ndogo kwenye jicho la shangazi, kisha kwenye la pili, akaizima.

"Mama, una mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. Ila wa kulia ndiye amekomaa zaidi. Inabidi atolewe."

"Akitolewa nitacheza?" shangazi aliuliza.

"Kwanza nenda hospitali Bariadi wakuone. Usichelewe."

Mimi na shangazi tulirudi hadi kwenye mti wa mkwaju ambapo njia ya kwetu inaachana na ile ya mnadani. Pale alinishika bega. "Ulichosikia leo kibaki hapa," akasema. "Asijue baba yako, asijue mama yako. Wakijua wataninyang'anya jembe." Nilikubali upesi. Lakini nilichokuwa nimesikia mimi hakikuwa kile alichosikia yeye. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba shangazi yangu, aliyerudishwa kutoka Malampaka kwa sababu hakuzaa, sasa ana watoto wawili, mmoja kila jicho, na kwamba yule wa kulia amekomaa na siku yake ya kutoka imekaribia.

Leo nacheka ninapoliandika hili, ila wakati ule lilikuwa jambo zito. Nilimchungulia machoni alipokuwa amelala mchana. Kweli, katikati ya mboni ya jicho la kulia palikuwa na kitu cheupe, kama punje ya mchele, na niliamini kwamba nikitulia vya kutosha nitakiona kikijigeuza. Sikuelewa kwa nini habari kama hiyo ifichwe. Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu kila mtu alijua, watu walileta kuku. Nilijiuliza kama shangazi anaona aibu kwa kuwa hana mume, au kama watoto wa namna hiyo hawaishi. Nilikuwa na maswali mengi na mtu mmoja tu wa kumwuliza, na huyo ndiye aliyenikataza kusema.

Wiki kama mbili baadaye jembe lake lilimpata Ng'washi. Ng'washi alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti nzuri, aliyesimama siku zote nyuma ya shangazi na kumuitikia. Ilikuwa alasiri ya mazoezi, upande wa machweo umejaa vumbi la ng'ombe wanaorudi. Shangazi alirusha, akapiga makofi yake mawili, akanyoosha mkono, na mkono ukafumba hewa. Jembe lilishukia bega la Ng'washi, likamchana kutoka shingoni hadi karibu na kwapa. Damu ilitoka nyingi. Watu walikimbilia kanga, wengine wakakimbilia baiskeli, na shangazi alibaki amesimama palepale na mkono wake umenyooshwa, akiuliza, "Nani? Nimempiga nani?" Nilimsikia akiuliza mara tatu. Alikuwa ameshageuka, na Ng'washi alikuwa mbele yake, hatua mbili.

Wote walilaumu vumbi. Ng'washi mwenyewe, baada ya kushonwa, aliwaambia watu waliokuja kumwona kwamba vumbi lilikuwa baya, na yeye ndiye aliyesogea. Mimi nilikuwa najua, ila sikujua ninachokijua. Niliunganisha mambo kichwani kwa namna yangu: mtoto wa kulia amekomaa, anasukuma, anamsumbua mama yake, na safari ijayo jembe litamuua mtu. Au litamwangukia shangazi usoni, limpate mtoto.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa tunakula ugali na mlenda, baba na mama na sisi watoto. Shangazi alikuwa amebaki kanisani na kwaya. Sikuwa nimepanga kusema. Nilimgeukia mama nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za shuleni, "Mama, mtoto wa jicho akishatolewa, anapelekwa wapi?"

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha. Baba alirudisha tonge kwenye sahani. "Nani ana mtoto wa jicho?" akauliza.

"Hakuna."

"Kabula."

Nilitazama mlenda. "Shangazi," nikasema. "Macho yote mawili. Wa kulia amekomaa."

Baba hakumaliza chakula. Alinawa, akachukua baiskeli yake, akaondoka kuelekea kwa mwenyekiti wa kikundi. Baba alikuwa katibu wa kikundi, kwa sababu ya mwandiko wake, na nilipomwona anaondoka na lile daftari kubwa la mikutano amelibana kwapani, nilijua kwamba nimefanya jambo, ila jambo gani, zuri au baya, sikuweza kusema. Mama alinimwagia mlenda zaidi kwenye sahani, na hajawahi kufanya hivyo siku nyingine bila kuombwa.

Baada ya hapo watu walianza kuja nyumbani. Walikunywa chai, wakazungumza chini kwa chini, na shangazi alipoingia walizungumzia mvua. Kisha ikatangazwa kanisani na kwenye gulio kwamba kikundi kitafanya siku ya kumheshimu Mayu Limi kwa utumishi wake wa muda mrefu. Nilitegemea kuona shangazi akikasirika. Hakukasirika. Alifua kanga zake, akapaka samli njuga zote, akaniambia nimsaidie kuchambua mchele wa wageni. Tulikaa sakafuni na ungo katikati yetu. Mimi nilitoa mawe kwa macho, yeye kwa vidole.

"Kabula," akasema bila kuinua uso, "ulimwambia mtu neno la zahanati?"

"Hapana, shangazi."

"Wabeja," akasema. Asante. Akaendelea kupapasa mchele. Nimewahi kuchapwa utotoni, nimewahi kuumwa na nyuki mpaka nikavimba macho, lakini hakuna kilichowahi kuniuma kama ile asante.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Uwanja wa shule ya msingi ulifagiliwa, viti vikaletwa kutoka kanisani, likafungwa turubai la wageni. Mtendaji wa kata alichelewa, kwa hiyo tuliimba nyimbo zote tulizozijua kabla hajafika. Kando ya turubai alifungwa mtamba mweupe mwenye mabaka meusi, amefungwa kitambaa chekundu shingoni, zawadi ya kikundi. Pia kulikuwa na kiti. Fundi alikuwa amekitengeneza kwa mninga, kina mikono miwili na mto wa sufi, kiti cha namna ambayo kwetu walikuwa nayo wachungaji na madiwani. Shangazi alikalishwa humo katikati ya uwanja, peke yake, amevaa kaniki yake ya ngoma na njuga miguuni. Alionekana mdogo. Nilikuwa nimesimama na mstari wa watoto wanaojifunza, nimeshika kijembe changu, maana na sisi tulipangiwa kucheza.

Baba alisimama na karatasi. Kwa sababu ya mtendaji alisoma kwa Kiswahili. "Bibi Limi alizaliwa katika kijiji hiki hiki," akaanza, "akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto sita. Alisoma hadi darasa la saba. Aliolewa Malampaka. Hakujaliwa kupata mtoto, lakini amewalea wengi." Nilikuwa nimeshasikia maneno ya namna hiyo mara nyingi, kwa sauti hiyohiyo ya polepole, na siku zote yalisomwa pembeni ya jeneza. Sikujua kwamba mtu anaweza kusomewa wasifu akiwa amekaa anasikiliza. Nilingojea sehemu inayofuata, kwamba alianza kusumbuliwa na maradhi mwezi fulani, akapelekwa hospitali fulani. Baba alitaja nyimbo alizotunga, sehemu alizokwenda kushindana, Meatu, Maswa, mpaka Busega kule ziwani. Kisha akasita, akafuta uso kwa leso. "Kikundi," akasema, "kimeona kwamba sasa apumzike."

Kwetu, mtu akisemwa amepumzika, siku inayofuata kunachimbwa kaburi. Nilianza kulia kwa sauti. Mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Unalia nini wewe? Shangazi yako anaheshimiwa." Nilitazama nyuso za watu. Walikuwa wanapiga makofi, na wengi wao walikuwa wanalia pia, wanawake waliocheza naye tangu usichana wanafuta macho kwa ncha za kanga. Kwa hiyo sikujua kama mama ananidanganya au kama hao wanaopiga makofi ndio hawajaambiwa. Shangazi peke yake hakulia. Aligeuza kichwa huku na huku kidogo, kama mtu anayejaribu kukisia uwanja una ukubwa gani.

Ngoma zikaanza. Mbele ya mistari hakuwa yeye. Alikuwa Ng'washi, bega lake limepona na kovu linaonekana, na ndiye aliyeanzisha wimbo. Alianzisha vizuri. Nilimtazama shangazi na kuona miguu yake inasogea palepale kwenye kiti, njuga zinaitikia kidogo kidogo, kisha zaidi, kisha akasimama. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni sehemu ya sherehe. Alitembea moja kwa moja kuelekea sauti ya Ng'washi, akanyoosha mkono, na Ng'washi, bila kukatisha wimbo, akampa jembe lake.

Ngoma kubwa ikaongeza mwendo. Shangazi aliinama akalima hewa, akainuka, akarusha. Uso wake ulikuwa umetazama mbele, haukuinuka hata kidogo. Makofi mawili. Jembe likaja mkononi kama limevutwa na kamba. Uwanja mzima uliruka. Alirusha tena, juu zaidi, makofi mawili, akadaka, na nakumbuka mtendaji wa kata amesimama juu ya kiti chake kama mtoto. Wazee wa kikundi walikuwa wanatazamana. Baba alikuwa amekunja ile karatasi mpaka imekuwa donge. Mara ya tatu alirusha juu kuliko nilivyowahi kuona mtu yeyote akirusha, na nilipoliona jembe linazunguka huko juu sikuona jembe, niliona bega la Ng'washi, nikaona ile punje nyeupe kwenye jicho, na nikapiga kelele.

"Shangazi, mtoto!"

Aligeuza uso kunitafuta. Jembe likapita nyuma ya mgongo wake, likachoma ardhi hatua moja kutoka kwa mpiga ngoma, mpini ukatikisika.

Kila kitu kilinyamaza. Mpiga ngoma alilitazama jembe, kisha akaitazama miguu yake. Watu walinigeukia mimi, kisha wakamgeukia shangazi, na kwa jinsi alivyokuwa amesimama, akinitazama pale ambapo sikuwepo, nafikiri hata wale ambao hawakujua walielewa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbona mmenyamaza? Pigeni." Wakapiga. Ng'washi alimshika mkono akamrudisha kwenye kiti, na humo alikaa mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, akiitikia nyimbo zake mwenyewe kama muitikiaji yeyote.

Hakunigombeza. Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinitesa kuliko fimbo. Mwezi mmoja baadaye baba alimpeleka hospitali Bariadi, akatolewa yule wa kulia, na mwaka uliofuata wa kushoto. Aliporudi mara ya kwanza na kitambaa kikafunguliwa, alinishika uso, akanitazama kwa muda, akasema, "Kumbe una kovu kidevuni." Kovu lile lilikuwa na miaka miwili. Nililipata nilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni, na yeye ndiye aliyenibeba siku hiyo mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeshajua wakati huo kwamba mtoto wa jicho si mtoto. Nilikuwa sijajua bado kwamba mtu anaweza kuishi na wewe kitanda kimoja miaka miwili bila kukuona.

Sasa aliona vizuri. Wote tulidhani atarudi kwenye mstari. Kikundi kilituma watu kumwambia hivyo, na Ng'washi mwenyewe alikuja kumrudishia nafasi. Shangazi aliwapikia, wakala, akawaambia wameshampumzisha na yeye amepumzika. Alimpa Ng'washi njuga. Mtamba alizaa, maziwa tulikunywa sisi. Hajacheza tena bugobogobo mpaka leo.

Nimeishi na siku ile miaka yote hii bila kujua nimemfanyia nini shangazi. Mwaka nilioolewa nilimweleza baba kila kitu, ile ahadi ya njiani na ule uongo wa kwenye ungo, nikamwomba msamaha kwa kuwa mimi ndiye niliyemtoa dada yake kwenye ngoma. Baba alinishangaa. "Wewe hukuniambia kitu nisichokijua," akasema. "Limi alikuja kwangu mwenyewe, siku ileile alipomjeruhi Ng'washi. Akaniambia, nitoeni kabla sijaua mtu, lakini nitoeni kwa heshima, watu wasijue ni macho." Nilihisi mzigo umeshuka. Nilikwenda kwa shangazi siku hiyohiyo, nikitaka kulisikia kutoka kwake. Alicheka. "Baba yako ana moyo mwema, ndiyo maana anasema uongo," akaniambia. "Sikumwomba kitu. Mimi nilitaka nicheze mpaka nianguke."

Mmoja wao ananilinda. Kama baba anasema kweli, kwa nini shangazi aliinuka kwenye kiti na kuchukua jembe? Na kama shangazi anasema kweli, kwa nini alirudi kwenye kiti kwa upole vile, na akakataa kila kitu baada ya kuona tena? Nilimuuliza shangazi pia swali la tatu. Nilimuuliza kama angelidaka lile jembe iwapo nisingepiga kelele. Alifikiri. "Palikuwa na upepo," akasema. "Jembe lilichukuliwa na upepo." Mimi nilikuwepo. Turubai halikutikisika siku ile hata mara moja.

Baba ameshafariki. Shangazi Limi yupo, amepita miaka sabini, na bado anachambua mchele kwa vidole ingawa macho anayo. Mwaka jana nilimchukua kwenda tamasha la ngoma hapa mjini, na kila kikundi cha zamani kiliitwa jukwaani kupewa vyeti. Vilikuwa vingi, vimechapishwa vyote kwa rangi nzuri, na cha kwake kiliandikwa Rimi. Kijana mwenye simu alimwomba asimame upya, ashike cheti juu kidogo, atabasamu, maana picha ya kwanza haikutoka. Alisimama upya. Alitabasamu. Kwenye gari aliniuliza wamemheshimu kwa lipi hasa, nikamwambia ni kwa ile miaka yote, akasema, "Hawajaniona hata siku moja." Nikawaza kwamba siku ile ya Kasoli kila aliyekuwepo alikuwa amemwona, tena kwa miaka mingi, na wengine walikuwa na alama yake mwilini, na bado sina hakika kama tulimtendea wema. Leo hatuumizi mtu. Tunachapisha karatasi, tunagawa, tunapiga picha, na kila mtu anarudi nyumbani mzima.

Mimi ni mwalimu sasa, na mwezi huu kwenye shule yetu anastaafu mwenzetu, mwalimu wa hesabu, mwanamke aliyefundisha humo tangu madarasa yalipokuwa ya udongo. Wenzangu walinichagua niandae sherehe yake, kwa kuwa natoka kwenye familia ya ngoma. Kabla ya kuandika neno lolote nilimfuata ofisini, nikafunga mlango, nikamuuliza kama anaitaka. Hakuna aliyewahi kumuuliza shangazi swali hilo, au kama aliulizwa, mimi sitajua kamwe. Mwalimu alivua miwani yake akaifuta. "Naitaka," akasema. "Nani asiyetaka?" Nilitoka nimefurahi, nikaanza kualika watu. Asubuhi yake alinisimamisha uwanjani, wanafunzi wakiwa mstarini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amelala vibaya, na kama inawezekana tuache tu, aondoke Ijumaa kama Ijumaa nyingine. Nilimuuliza ni lipi kati ya hayo mawili analolitaka kweli.

"Yote," akanijibu, akaenda darasani.